Kasi ya haidrojeni haisomwi moja kwa moja

Katika mjadala wa maada giza kuna kauli iliyorudiwa hadi ikawa kama kanuni: nadharia inadai maada giza, ile maada isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu, hurundikana kwenye kitovu cha galaksi ndogo, lakini gesi ya haidrojeni huko inazunguka polepole mno kwa masi kubwa hivyo, basi nadharia imekwama. Anayeuliza "kasi hiyo mmeipataje?" huitwa wakili wa nadharia. Naona anaonewa.

Darubini ya redio haipimi mzunguko. Inapokea wimbi la sentimita 21 linalotolewa na haidrojeni, na kwa kuangalia wimbi limenyooshwa au limebanwa kiasi gani tunajua gesi inatukimbia au inatujia kwa kasi ipi. Yaliyobaki ni kazi ya modeli: galaksi inakatwa pete pete, kila pete inapewa kasi na mwinamo wake, yaani pembe iliyolalia kwetu (sifuri ni uso kwa uso). Chukua gesi inayotukimbia kwa kilomita 60 kwa sekunde. Ukikadiria mwinamo wa nyuzi 30, mzunguko ni kilomita 120. Ukikadiria 25, unafika 142. Na kwa kuwa masi hufuata mraba wa kasi, nyuzi tano tu zimeongeza asilimia 40 ya masi. Asilimia 40, na hakuna kilichobadilika angani! Kwa galaksi tunayoiona karibu uso kwa uso, kukosea nyuzi tano si ajabu.

Kosa hilo, hata hivyo, hupandisha au kushusha mchoro mzima wa kasi, kuanzia kitovuni hadi ukingoni. Linalopotosha kitovu ni gesi kutokwenda duara. Mwaka 2019 mwanaastronomia Kyle Oman na wenzake walichukua galaksi za kompyuta, ambazo maada giza yake inajulikana, wakazipima kana kwamba ni za angani. Galaksi ileile, ikitazamwa kutoka pembe nyingine, ilitoa kasi nyingine. Kuna pembe zilizoonyesha kitovu chepesi pale palipojaa maada giza.

Upande wa pili nao si wa kubezwa. Utafiti wa THINGS, uliopima galaksi 34 kwa darubini za VLA huko New Mexico, ulikuta mienendo isiyo ya duara kwa kawaida ni ya kilomita chache tu kwa sekunde. Tena, wanaoamini vipimo hivyo husema, nusu ya galaksi inayotujia na nusu inayotukimbia zikikubaliana, modeli iko sawa. Hapo ndipo ninapokwama nao. Njia ya gesi ikiwa na umbo la yai, nusu zote mbili hupotoshwa kwa kiasi kilekile, na bado zinakubaliana.