Hesabu ya Saa Kabla ya Tamasha

Mipango mingi ya kuinua vijiji kwa utamaduni huanza na tamasha. Ngoma zinalia, wageni rasmi wanapigwa picha, kesho yake viti vinarudishwa vilikoazimwa. Mimi ningeanza na daftari na saa ya ukutani.

Tuseme bidhaa ni kikapu cha ukindu. Kuchana na kutia rangi saa 2, kusuka ukili (mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa kikapu) saa 8, kushona saa 3, kutia mikono saa 1: jumla saa 14. Wasukaji 20, kila mmoja akipata saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki (shamba nalo linawangoja), wana saa 300 kwa wiki, yaani vikapu 21. Mnunuzi anataka 200 ndani ya mwezi, mwenyekiti anaitikia "tunaweza". Biashara imekufa hapohapo. Oda hiyo ni wiki 9 na ushei, na kikikataliwa kikapu kimoja katika kila kumi, inapita wiki 10.

Kinachokatalisha vikapu mara nyingi ni ukungu. Ukindu mkavu hukatika, kwa hiyo hulowanishwa kabla ya kusukwa. Kikapu kikishashonwa huonekana kikavu, kumbe unyevu umejificha ndani ya mishono, hasa kwenye kitako. Kifunge kwenye nailoni jioni ileile na kitafika kwa mnunuzi na madoa meusi. Kianikwe kivulini penye upepo, kigeuzwe chini juu, na kisifungwe mpaka kitako kikauke kabisa. Tena kwa karatasi, si nailoni.

Halafu kuna vipimo. Kila msukaji ana mkono wake: huyu hubana, yule hulegeza, na vikapu "sawa" vinapishana vidole viwili. Dawa ni kalibu ya mbao, yaani umbo la kufuatisha kipimo, kila mtu na yake. Rangi nayo ijaribiwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na doa, ukili huo usishonwe karibu na mweupe.

Wapo watakaosema kalibu inaua ubunifu. Sikubaliani. Ubunifu mahali pake ni kwenye sampuli, kabla ya oda, na hapo wasukaji waachiwe uwanja. Mkoa wa Oita, Japani, chini ya gavana Morihiko Hiramatsu, ulianzisha mwaka 1979 vuguvugu la kijiji kimoja, bidhaa moja. Wengi wameiga jina, wakaacha msingi wake wa kujitegemea na ubunifu. Bidhaa inachaguliwa ofisini, kisha kijiji kinaambiwa kishangilie.

Sampuli ikikubaliwa, moja ibaki kwa mnunuzi na nyingine kwa kikundi, ili ubishi wa kipimo umalizwe kwa kulinganisha. Arubuni ilipwe kabla ukindu haujatiwa rangi, itoshe malighafi na sehemu ya ufundi. Mnunuzi akighairi katikati, vikapu vya rangi alizojichagulia mwenyewe ni vigumu kumpata mwingine wa kuvichukua.