Picha ya mshukiwa haimrudishi mtoto

Mtoto akipotea Lamu, habari huwatangulia polisi. Sauti ya mamake inarekodiwa, picha ya mtoto akiwa na sare ya madrasa inatumwa, na kabla ya adhana ya magharibi kila kundi la WhatsApp kutoka Wiyoni hadi Shela limeshapata. Hilo ni jema. Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtaa, na Mungu atudumishie hivyo. Mambo huharibika saa chache baadaye, inapoingia picha ya pili. Hii ni ya mtu mzima. Amepigwa kwa mbali akiwa jetini, au amekalishwa chini mikono imefungwa kwa kamba ya mashua, na chini yake pameandikwa: "Huyu ndiye." Nani amesema ndiye? Hakuna anayeuliza. Kila mtu anabonyeza na kupitisha.

Msimamo wangu ni kwamba picha hiyo ya pili isitumwe kabisa, hata kama mtu mwenyewe amekamatwa na polisi, hata kama mna hakika naye. Sisemi hivi kwa kumwonea huruma aliyemdhuru mtoto. Nasema kwa sababu kesi ya namna hii hupita njia ndefu kutoka kituoni hadi hukumu, na picha ile huikata njia hiyo mapema sana, mahali ambapo wengi hawapaoni.

Tuseme yuko shahidi. Jioni alimwona mtu akimpandisha mtoto boti ya kwenda Mokowe, bara. Hakumjua, na alimwona dakika mbili tu, taa za jeti zikiwa ndiyo kwanza zinawashwa. Shahidi huyu ni dhahabu. Kwanza polisi huandika jinsi alivyomwona mtu yule: umri, kimo, rangi, nguo, mwendo. Akikamatwa mshukiwa, huandaliwa gwaride la utambulisho. Mshukiwa husimama kati ya watu wasiopungua 8 wanaokaribiana naye kwa umri, urefu na umbo. Huchagua mwenyewe asimame nafasi ya ngapi, na ana haki ya kuwa na wakili au rafiki hapo. Sharti lililo roho ya zoezi lote ni kwamba shahidi asiwe ameonyeshwa mtu yule kabla. Haya hayakubuniwa jana kuwapendeza wahalifu, kwani Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka misingi yake tangu 1936, na mahakama zetu huirejelea hadi leo.

Sasa mtie shahidi wetu kwenye kundi la WhatsApp. Usiku ule ameitazama picha ya "huyu ndiye" mara ishirini, ameikuza, ameitumia dada yake. Asubuhi anakwenda kwenye gwaride na kumgusa begani mtu aliye kwenye picha. Mahakamani wakili wa utetezi atamuuliza swali moja tu: ulimtambua kwa kuwa ulimwona jetini, au kwa kuwa ulimwona kwenye simu? Shahidi mkweli hana jibu. Si kwamba anadanganya. Sura aliyoitazama mara ishirini kwenye mwanga imeifunika ile aliyoiona mara moja gizani, na yeye mwenyewe hajui mpaka uko wapi. Ushahidi wa gwaride unabaki hauna uzito. Kama mtu yule ni mkosaji kweli, sisi ndio tuliomfungulia mlango. Kama siye, mwenye kosa yuko ndani ya basi na hakuna anayemtafuta tena.

Nyumba ya mshukiwa nayo huharibiwa vivyo hivyo. Umati ukiingia, ukapekua, ukatupa vitu nje na kuwasha moto, watu huona wamefanya jambo. Lakini humo ndani ndimo mlimokuwa na majibu: kiatu cha mtoto, unywele kwenye mkeka, alama za vidole kwenye kikombe, simu yenye kumbukumbu za mazungumzo na za M-Pesa. Nguo yenye damu hukaushwa na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na unyevu huozesha chembe za DNA. Kisha kila mkono unaoipokea huandikwa, nani alimpa nani, siku gani, saa ngapi. Nguo iliyookotwa na vijana kumi na kuletwa kituoni ndani ya mfuko wa samaki haiwezi tena kusema lolote mahakamani. Mlango ulio wazi uvuteni, simameni nje, mwiteni afisa. Kulinda nyumba ile ni kazi, na ni kazi kubwa kuliko kuichoma.

Na kuna wale wanaosema, "Mpigeni, atasema." Atasema, naam. Mtu anayepigwa husema kile kitakachosimamisha kipigo. Atataja kisima chochote, mkoko wowote, na watafutaji watamaliza usiku mzima Kipungani huku mtoto yuko Manda. Hata akisema kweli, maneno hayo hayafai. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na kinakataza kumlazimisha kukiri. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inasema kukiri kosa hukubaliwa tu kukifanyika mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo na ambaye cheo chake si chini ya inspekta, na awepo mtu mwingine aliyechaguliwa na mshukiwa. Video ya mtu anayevuja damu akisema "ni mimi" ni ushahidi kweli, ila ni ushahidi dhidi ya walioshika fimbo. Akifa, hilo ni kosa la mauaji, na kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu kila aliyeungana nao kwa nia moja kuwa ametenda, hata kama jiwe lake halikumpata.

Oktoba 2021 Masten Wanjala, aliyekuwa kizuizini Nairobi na ambaye polisi walisema amekiri kuua watoto zaidi ya kumi, alitoroka kituoni. Siku mbili baadaye wananchi walimuua Bungoma. Wako walioshangilia, na uchungu wao naufahamu. Lakini wazazi wa wale watoto hawakupata kesi wala hukumu, na hawakupata nafasi ya kusikia yakiulizwa mahakamani maswali waliyobaki nayo: alishirikiana na nani, kila mtoto alipatwa na nini, kwa nini hakukamatwa mapema. Maiti haihojiwi.

Kwa mgeni na mnyonge ndiko shuku hutua haraka zaidi. Hamali asiye na ukoo hapa, muokota chupa za plastiki, mgonjwa wa akili anayelala barazani, mchuuzi aliyeshuka jana: hao ndio hukamatwa kwanza, kwa sababu hawana wa kuwasemea. Kwa jirani zetu wa Kilifi tumeona wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa neno la mtu mmoja. India mwaka 2018 uvumi wa wezi wa watoto uliopitia WhatsApp uliua watu wasio na hatia, hadi kampuni ikapunguza ujumbe wa kupitisha usizidi mazungumzo 5 kwa mara moja.

Na hapa nataka niseme na Lamu yangu waziwazi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, familia nyingi hapa zinajua maana ya kijana kuchukuliwa na watu asiowajua, mama akazunguka vituo na kila kituo kikamwambia hayupo. Tuliposimama kudai, tulidai nini? Tulisema afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tulisema asemeshwe kwa lugha anayoielewa, apate wakili, ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Hayo ndiyo maneno ya vifungu vya 49 na 50 vya Katiba. Ni maneno yaleyale yanayomlinda mgeni aliyelala selo leo kwa tuhuma za mtoto. Hatuwezi kuyadai kwa mwanetu na kuyafuta kwa mwana wa mwenzetu, kwani tukiyafuta yamefutika kwa wote.

Kuhusu dhamana, wengi watanitajia Shakahola, msitu wa Kilifi walikofia wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa Malindi kwa dhamana ya shilingi 10,000, na mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, mpaka miili ikapita 400. Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Lakini angalia dawa yake iko wapi. Dhamana si kuachiwa huru, na hakimu huinyima zikiwapo sababu nzito, ambazo upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuzileta. Kifungu cha 123A cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu hata mtu kuzuiliwa kwa usalama wake mwenyewe. Kwa hiyo mwenye hofu ya kweli, mwenye kutishwa, mwenye kumwona mshukiwa akiwafuata mashahidi, aende akaandikishe taarifa ili hofu hiyo iingie kwenye hati ya kiapo ya mpelelezi. Kelele za nje ya mahakama hakimu hazipokei.

Nguvu yetu basi iende wapi? Iende kwenye saa za mwanzo. Nenda kituoni mara moja ukaandikishe, uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Hakuna sheria ya kungoja saa 24. Nadhani watu wanachanganya: saa 24 ni muda wa polisi kumfikisha mshukiwa mahakamani, haikuwa kamwe muda wa mzazi kungoja. Ukiambiwa ungoje, muombe mkuu wa kituo, na piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Huku nyuma, mtaa utafute, na uanze na maji. Birika za nyumba za kale, visima, ngazi za jeti, mashua zilizofungwa, chini ya madau yaliyopandishwa ufuoni. Muulizeni baharia maji yalikuwa yanapwa au yanajaa saa ile mtoto alipoonekana mwisho, kwa maana wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufuo alioukanyaga maji yakiwa yamepwa haupo saa chache baadaye. Kisha magofu, madari, nyumba za shangazi na za rafiki. Wengine waende kwenye vyombo. Kisiwa kina faida hii: anayetoka hutoka kwa chombo. Jeti ya mjini, Shela, Matondoni, Manda kwenye uwanja wa ndege, Mokowe ng'ambo. Watu wawili kila mahali, wakiwa na picha ya mtoto, wakiwauliza manahodha. Msikitini watangaze kwa kipaza sauti jina, umri, nguo na pa kumpeleka.

Tangazo la simu liwe fupi: jina, umri, kimo, nguo, alama mwilini, mahali na saa alipoonekana mwisho, tarehe, namba ya OB na simu ya kituo. Msiweke namba ya mzazi peke yake. Wako wasio na utu wanaopiga na kudai pesa kwa mtoto ambaye hawajapata kumwona. Duka lenye kamera liombwe siku hiyohiyo lihifadhi rekodi, kwani mashine nyingi hufuta za zamani zenyewe baada ya siku chache.

Na wewe uliyeona kitu, kiandike kabla hujazungumza na yeyote. Saa, mahali, umbali, mwanga, nguo, maneno uliyoyasikia. Ukiwa na picha, usiifute na usiitume kundini, kwa sababu WhatsApp huipunguza na kuondoa taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Peleka simu yenyewe kwa mpelelezi. Ukiogopa kuonekana kituoni, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana namba ya bure, 0800 722 203.

Mtoto akipatikana, asizungukwe. Akae na mtu mmoja anayemwamini, na asiulizwe "ni fulani aliyekuchukua?", maana mtoto aliyechoka hujibu ndiyo, na ndiyo hiyo itamfuata mpaka kizimbani. Aambiwe tu, "Nieleze." Ikidhaniwa amedhulumiwa kimwili asiogeshwe wala asibadilishwe nguo, apelekwe hospitali ya King Fahd usiku huohuo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora.

Kwa maadmini: likiingia jina la mtuhumiwa, lifuteni na mwandikie aliyelileta, "Nenda nalo kituoni." Mtoto akishafika kwao, tumeni mstari mmoja kila mahali tangazo lilikofika: "Amepatikana, tafadhali futeni picha yake," ili asiwe mtu mzima na aibu ya siku moja ingali inamfuata kwenye simu za watu. Na polisi wakimwachilia mtu mliyemtangaza kuwa ndiye, aliyetuma picha yake arudi kwenye makundi yaleyale, kwa jina lake, aseme amekosea.