Secretariat, Flightline na swali la farasi wa zamani

Tarehe 9 Juni 1973, katika uwanja wa Belmont Park, New York, farasi Secretariat alikimbia maili moja na nusu, yaani mita 2,414, kwa dakika 2 na sekunde 24 kamili. Aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa urefu wa farasi 31. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Kwa mashabiki wengi wa mbio za farasi za Marekani, hapo ndipo kilele kilipokuwa, na yote yaliyofuata ni mteremko: farasi dhaifu, viwanja vitupu, mabingwa wanaoondoka kabla watu hawajayazoea majina yao. Wapo wanaowajibu kwamba kumbukumbu hupamba mambo, kwamba zamani watu walijazana viwanjani kwa kuwa kamari nyingine zilikuwa marufuku, na kwamba farasi wa leo anatunzwa vizuri kuliko mababu zake. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tatizo ni kwamba ubishi wao huishia kwenye kasi, wakati kilichobadilika zaidi ni muda ambao farasi bora hubaki uwanjani.

Tuitazame kasi kwanza, maana ndiyo inayotajwa zaidi. Urefu wa farasi mmoja katika hesabu za mbio ni takriban mita 2.4, na farasi anayekwenda shoti hupita urefu kama tano kwa sekunde. Rekodi ya awali ya mbio hizo, Belmont Stakes, ilikuwa ya Gallant Man, mwaka 1957: dakika 2 na sekunde 26.6. Secretariat aliipunguza kwa sekunde 2.6, sawa na urefu wa farasi 13 hivi. Katika mchezo ambao rekodi hupunguzwa kwa sehemu za sekunde, hilo ni pengo la kutisha. Tena alipofika alama ya maili moja na robo siku ile, saa ilisoma dakika 1 na sekunde 59, pungufu ya muda aliotumia kushinda Kentucky Derby yenye umbali huohuo mwezi mmoja kabla (1:59.4). Na bado alikuwa na robo maili ya kukimbia.

Derby yenyewe ina jambo la kushangaza zaidi kwa anayejua mwili wa farasi. Robo zake tano za maili zilikwenda kwa sekunde 25.2, 24, 23.8, 23.4 na 23. Kawaida farasi hutumia nguvu nyingi mwanzoni na robo ya mwisho huwa ndiyo nzito kuliko zote. Ushindi humwendea anayepunguza mwendo kidogo kuliko wenzake. Secretariat aliongeza mwendo katika kila robo hadi mstari wa mwisho.

Wanaotilia shaka rekodi za zamani wana ushahidi mzuri pia, na unatoka kwa farasi huyohuyo. Katika Preakness Stakes ya 1973, saa ya umeme ya uwanja wa Pimlico ilikosea ikatoa 1:55. Baada ya siku mbili muda ukarekebishwa kuwa 1:54.4 kwa kufuata saa ya mkono ya mpimaji wa uwanja, ilhali wapimaji wa gazeti la Daily Racing Form walikuwa wamepata 1:53.4. Mwaka 2012, baada ya picha za video kuchunguzwa upya, muda rasmi ukawa 1:53. Mbio moja, saa nne tofauti. Zaidi ya hapo, Marekani saa haianzi farasi anapotoka kwenye kizimba. Huanza baada ya kupita umbali fulani ambao hutofautiana baina ya viwanja, na hata baina ya mbio katika uwanja mmoja. Umbali huo ukiwa mrefu, farasi huanza kupimwa akiwa tayari na kasi kubwa. Njia nayo hubadilika: ni mchanga, tope laini na mfinyanzi, na unyevu wake hubadili kasi ya siku nzima. Njia iliyoshindiliwa kabla ya mvua humwaga maji na kubaki ngumu. Iliyochimbuliwa kwa haro hula nguvu za miguu.

Hata hivyo, kasoro za saa haziwezi kueleza pengo la sekunde 2.6. American Pharoah, aliyetwaa Taji la Mbio Tatu (kushinda Kentucky Derby, Preakness na Belmont mwaka mmoja) mwaka 2015 baada ya miaka 37 bila mshindi, alimaliza Belmont kwa 2:26.65. Huo ni muda wa farasi mzuri sana, na uko karibu kabisa na ule wa Gallant Man wa 1957. Katika Kentucky Derby, zaidi ya Secretariat, farasi mmoja tu ana muda rasmi wa chini ya dakika mbili: Monarchos, mwaka 2001, kwa 1:59.97. Usomaji wangu wa takwimu hizi ni kwamba mabingwa wa miaka ya 1950 na wa leo wana kasi inayokaribiana mno, na kwamba Secretariat alikuwa wa peke yake hata katika zama zake. Kumtumia yeye kupima kizazi kizima ni kukionea kizazi chochote kile.

Sasa tuhesabu mara walizokimbia. Seabiscuit, aliyemshinda War Admiral kule Pimlico tarehe 1 Novemba 1938, alikimbia mara 89. Citation mwaka 1948 peke yake alikimbia mara 20, akashinda 19, Taji la Mbio Tatu likiwamo. Mwaka 1960 farasi wa kawaida wa Amerika Kaskazini alikimbia mara 11 hivi kwa mwaka; siku hizi ni kama mara 6. Flightline, ambaye mwaka 2022 alishinda Pacific Classic kwa tofauti ya urefu wa farasi 19 na robo, alistaafu akiwa na miaka minne baada ya mbio sita katika maisha yake yote. Alishinda zote. Anayesema hakuwa na kipaji cha wakubwa wa zamani hajamtazama. Lakini mtu aliyekosa siku zile sita amemkosa moja kwa moja.

Kwa nini aondoke? Hesabu iko wazi. Fedha zote alizoshinda uwanjani zilikuwa takriban dola milioni 4.5. Mara tu baada ya mbio yake ya mwisho, hisa ya asilimia 2.5 katika umiliki wake iliuzwa kwa mnada Keeneland, Kentucky, kwa dola milioni 4.6. Sehemu moja ya arobaini ya farasi ilizidi jasho lake lote. Ada yake ya kwanza ya kupandisha ilikuwa dola 200,000, inayolipwa mtoto anapozaliwa, akasimama na kunyonya. Katika aina hii ya farasi, iitwayo Thoroughbred, uhimilishaji kwa mrija umekatazwa. Dume lazima apande jike mwenyewe, katika msimu unaoanza Februari hadi katikati ya mwaka. Dume maarufu wa leo anaweza kupandishwa majike 150 na zaidi kwa msimu. Majike 150 wakizaa kwa ada hiyo, ni dola milioni 30. Hakuna mbio Marekani inayokaribia kiasi hicho, na kila asubuhi ya mazoezi mfupa mmoja unaweza kuvunjika na kufuta yote.

Hapa wapenzi wa enzi ile wanapaswa kukubali jambo gumu. Secretariat naye aliondoka kwa mlango huohuo. Mwenye shamba, Christopher Chenery, alifariki Januari 1973, na familia ikakabiliwa na kodi ya mirathi. Binti yake, Penny, aligawa umiliki wa farasi huyo katika hisa 32 za dola 190,000 kila moja, jumla dola milioni 6.08, kiasi kilichokuwa rekodi wakati huo, kwa sharti kwamba astaafu mwishoni mwa mwaka wake wa tatu. Kila hisa ilimpa mwenyewe haki ya kupandisha jike mmoja kwa mwaka. Hatukumwona kamwe akiwa na miaka minne, umri ambao farasi wengi ndipo hukomaa. Tofauti ni kwamba ndani ya miezi 16, toka Julai 1972 hadi Oktoba 1973, alikuwa amekimbia mara 21, akashinda 16, na akashindwa hadharani: na Onion kule Saratoga, kisha na Prove Out. Watu walipata nafasi ya kumjua, kumtilia shaka na kumrudia.

Ushahidi wa wazi kwamba fedha za mbegu ndizo zinazoondoa mabingwa ni kuangalia waliobaki. Kelso, farasi bora wa mwaka mara tano mfululizo kuanzia 1960, alikuwa amehasiwa. Forego pia. John Henry, aliyekimbia mara 83, hivyohivyo. Kwa majike hesabu ni nyingine, kwa sababu jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na kumkimbiza msimu zaidi hakupotezi mamilioni. Zenyatta alikimbia hadi miaka sita, akashinda mara 19 kati ya 20, na watu wakarudi viwanjani kwa ajili yake. Huko Australia, Winx alishinda mara 33 mfululizo hadi alipostaafu mwaka 2019. Hong Kong haina ufugaji wa farasi wa mbio, karibu wote wanaoletwa ni wa kuhasiwa, na nyota wake hubaki mbele ya macho ya watu mwaka hadi mwaka.

Upande wa pili utasema: kukimbia mara chache ni huruma. Hoja hii haifai kupuuzwa. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500, na anapokwenda shoti mguu mmoja wa mbele hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito huo, huku kifundo kilicho juu ya kwato kikishuka hadi kukaribia ardhi. Ruffian, jike ambaye hakuwahi kushindwa katika mbio kumi, alivunjika hapo tarehe 6 Julai 1975 akishindana na Foolish Pleasure mbele ya televisheni ya taifa. Alifanyiwa upasuaji, akazinduka akirusha miguu na kuharibu kilichofungwa, ikabidi auawe. Enzi ya dhahabu haikuweka hesabu ya kitaifa ya vifo hivyo. Hesabu ilianza mwaka 2009: vifo 2 kwa kila mara 1,000 farasi wanapoingia mbioni. Mwaka 2023 ilikuwa 1.32. Kupungua huko ni kazi ya watu: kanuni za dawa, ukaguzi wa madaktari wa mifugo kabla ya mbio, na mamlaka ya kitaifa ya usalama iliyoanza kazi Julai 2022, baada ya vifo vya farasi katika uwanja wa Santa Anita, California, mwaka 2019 kuwatikisa wote.

Lakini kupumzisha si dawa kwa kila hali. Mfupa wa muundi hujijenga kulingana na mzigo unaoupata. Farasi mchanga akipewa vipande vifupi vya kasi kwa mpangilio, mfupa huongezeka unene upande wa mbele. Akifungiwa zizini miezi miwili kisha akarudishwa kwa pupa, anakimbilia mfupa ambao bado unajikarabati. Uchunguzi wa maiti uliofanywa California tangu 1990 umeonyesha kwamba wengi wa waliovunjika walikuwa na nyufa ndogo za zamani mahali palepale. Ndiyo maana kifaa cha picha ambacho farasi huchunguzwa akiwa amesimama, kilichofungwa Santa Anita mwishoni mwa 2019, kina thamani kuliko kupunguza mbio kiholela. Saisi anayepapasa miguu kila alfajiri kutafuta joto ana thamani hiyohiyo.

Jambo jingine husahaulika katika sifa za zamani. Katika Kentucky Derby ya kwanza, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy alishinda mara tatu. Jimmy Winkfield mara mbili, 1901 na 1902. Baada ya hapo ubaguzi uliwafukuza kwenye matandiko, wakabaki mazizini. Mtu aliyemlisha, kumwosha na kumtuliza Secretariat, Eddie Sweat, alikuwa mweusi, na picha nyingi za ushindi zinamwonyesha akiwa ameshika hatamu. Kumbukumbu yoyote ya farasi wale inayomwacha nje ni pungufu.

Hoja ya kamari ina ukweli wake. Bahati nasibu za majimbo zilianza New Hampshire mwaka 1964, vibanda vya kubashiri nje ya uwanja vikafunguliwa New York mwaka 1971, na kasino zikafika Atlantic City mwaka 1978. Uwanja wa Hollywood Park ulifungwa 2013, wa Arlington Park 2021. Siku za kawaida zimekufa. Hata hivyo, Belmont ya 1973 ilikuwa na watazamaji 69,138, na ya 2004, Smarty Jones alipokuwa akiwania taji, ilikuwa na 120,139. Na kwa wasomaji wa Ghuba hili si geni: Dubai World Cup, iliyoshindwa na Cigar kutoka Marekani ilipoanza mwaka 1996, ilijaza watu bila dau uwanjani, ingawa fedha zake ni za watawala na wadhamini na haziigiki kwingine. Umati huja pale penye farasi anayejulikana.

Basi nini kifanyike? Kulazimisha idadi ya mbio kabla ya dume kusajiliwa kunavutia, lakini ni hatari: mwenye farasi aliyebakiza mbio mbili atamwingiza akiwa na maumivu. Njia yenye uzito zaidi ilitangazwa mwaka 2020, pale msajili wa farasi hao Marekani alipoweka kikomo cha majike 140 kwa kila dume aliyezaliwa mwaka huo na kuendelea. Mashamba makubwa yalishtaki, wabunge wa Kentucky wakaingilia, na mwaka 2022 kanuni ikafutwa. Ingerudishwa, na ikiwezekana kwa idadi ndogo zaidi, mwaka mmoja wa ziada uwanjani usingemgharimu mwenye farasi kiasi cha sasa. Wapinzani wanaonya kwamba madume bora wangehamishiwa Ireland au Japani. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kwamba nchi hizo zihusishwe kwenye kikomo kimoja kupitia vitabu vyao vya usajili, kwa kuwa mtoto wa dume asiyesajiliwa hana ruhusa ya kukimbia popote.