Mlevi wa kwetu hakuwahi kuyumba hata siku moja

Kwa miaka mingi baba mdogo alikuwa anasifiwa kwenye familia kwamba ana kichwa kigumu. Wenzake wanalala mezani, yeye anasimama, anaaga mmoja mmoja kwa majina, anaenda zake, na kesho yake asubuhi anawahi kazini kuliko wote. Hata mi nilikuwa namsifia jamani. Ungeniuliza nani mlevi kwenye ukoo ningekutajia binamu yangu mmoja anayekunywa mara mbili kwa mwaka kwenye sherehe alafu anavua viatu anaanza kulia.

Kuna siku nikalala kwake. Alfajiri nimeamka kwenda chooni nikamkuta jikoni, kasimama gizani, ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili kama mtoto na bado maji yanamwagikia vidole, jasho linamtoka na wala hakukuwa na joto. Hakuniona. Akaiweka glasi, akainama kwenye kabati la chini, akapitisha mkono nyuma ya madumu, akatoa chupa akapiga mafunda mawili huku kaegemea ukuta, macho kafumba. Akakaa hivo kama dakika kumi. Alafu akaichukua ile glasi kwa mkono mmoja na mkono ukawa umetulia tuli.

Tangu siku ile nikaelewa kwamba sisi huwa tunaangalia saa ambayo siyo. Tunamwangalia mtu usiku, kayumba au hajayumba, katukana au katulia, wakati utegemezi wa pombe unajionesha asubuhi. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani linaitwa AUDIT, lina maswali 10, na hakuna hata moja linalouliza kama unapepesuka. Linauliza kama ukianza unashindwa kuacha, kama umewahi kusahau ya jana yake, kama kuna mtu amekuambia upunguze, na moja linauliza kabisa kama baada ya kunywa sana unahitaji ya asubuhi ndo uanze siku. Ile tunayoiita kuzimua na kucheka.

Na kile kichwa kigumu ndo dalili yenyewe. Pombe inaupoza ubongo, inazipa nguvu kemikali zinazotuliza na kuzibana zile zinazoamsha, sasa ubongo ukipozwa kila siku unajipanga upya, ni kama gari ambalo breki imekanyagwa muda wote ikabidi dereva akanyage mafuta mpaka mwisho ili litembee. Ndo maana halewi. Ila ini linapokea kiasi kilekile anachokunywa, na linaendelea kuumia. Alafu siku ukiondoa mguu kwenye breki ghafla, gari linafyatuka, na hiyo ndo arosto: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, vinaanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho, na wengine wanapata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, wengine siku ya 2 au ya 3 wanaanza kuchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo, na hiyo inaua kweli.

Sisi hatukujua. Tulichofanya ni kile ambacho familia nyingi zinafanya kwa mapenzi kabisa, tulikaa kikao, tukamwaga chupa zote, tukamfungia ndani ajikaze. Siku ya pili akaanguka akakakamaa, povu mdomoni, mama mdogo anapiga kelele kwamba karogwa. Daktari aliyempokea alituuliza swali moja tu, nani amemwambia aache ghafla, tukabaki tunaangaliana. Wakampa dawa za kutuliza ubongo za jamii ya diazepamu wakawa wanazipunguza siku hadi siku, na sindano za vitamini B1 kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa imemuishia mwilini na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja.

Kwahiyo mtu akiniambia "huyo akiamua ataacha tu" huwa nachoka. Baba mdogo alikuwa ameamua mara nyingi sana, alikuwa anaamua kila usiku, alafu asubuhi mwili unamkumbusha. Hakuwa anatafuta stimu pale jikoni, alikuwa anatafuta mkono wa kushikia glasi.

Siyo kwamba kila anayekunywa vibaya ni tegemezi, hapo napo watu wanachanganya. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni watu milioni 400 wenye matatizo ya pombe, na kati yao milioni 209 ndo wenye utegemezi. Binamu yangu wa kulia anaweza kuambiwa apunguze akapunguza na ikaisha. Ila anayetetemeka asubuhi asifungiwe chumbani, apelekwe hospitali kwanza, na baada ya hapo kuna dawa za kupunguza hamu kama naltreksoni, ambayo Marekani waliiruhusu kwa kazi hiyo tangu 1994, kuna vikundi vya waliopitia hukohuko, kuna ushauri. Na anaweza kurudi nyuma. Baba mdogo alikaa miezi minane akarudia pombe, na wapo waliosema si tulisema, mama mdogo akampeleka tena bila kumjibu mtu.

Mwezi uliopita nililala kwake tena. Nilishamwambia siku nyingi kwamba ile alfajiri nilimuona. Nimeamka nimemkuta jikoni, nikamwamkia, akaitikia huku anakunywa maji yake kwa mkono mmoja, alafu akasogea pembeni kabati la chini likawa mbele yangu.

"Angalia tu mwanangu, sikasiriki."

Sikuangalia. Nikachukua glasi nyingine, tukanywa maji.