RESTART=Y kwenye Tuxedo: seva ifufuliwe au iachwe ilale?

Katika sehemu ya *SERVERS ya UBBCONFIG, faili la mipangilio, kuna herufi moja inayowagawa wasimamizi wa Oracle Tuxedo, mfumo wa kuendesha programu za miamala. RESTART=N, ambayo ndiyo thamani ya awali, huiacha seva (programu inayotoa huduma) iliyoanguka ilale mpaka mtu aje na tmboot, amri ya kuwasha. RESTART=Y huiagiza BBL, mchakato wa Tuxedo unaosimamia seva, iiwashe tena. Wa upande wa kwanza husema seva iliyokufa ina kasoro, na kuifufua ni kuifunika kasoro hiyo. Wa upande wa pili huuliza ni nani atakayeamka saa nane usiku kuwasha seva ya malipo. Pande zote mbili zina hoja, ila ubishi mwingi hukosa maana kwa sababu herufi hiyo peke yake haitoshi kuamua chochote.

Tuanze na MAXGEN, yaani idadi ya maisha ambayo seva inaruhusiwa kuwa nayo. Thamani ya awali ni 1: seva huwashwa mara moja, basi. Aliyeandika RESTART=Y akasahau MAXGEN hajabadilisha kitu, na atagundua siku ya ajali. MAXGEN=5 ni kufufuliwa mara 4, si 5. Kikomo ni 255.

Maisha hayo huhesabiwa ndani ya muda wa GRACE, kwa sekunde. Usipouandika, ni 86400, yaani siku nzima. Hapa ndipo wengi hujikwaa: hupunguza GRACE wakidhani wamekaza, kumbe wamelegeza. Chukua seva inayoanguka kila baada ya dakika 20, MAXGEN ikiwa 5. Kwa GRACE=86400, maisha yote matano yanaisha ndani ya dakika 100, seva inabaki chini na mtu analazimika kuiangalia. Kwa GRACE=3600, saa moja haibebi maanguko ya kutosha kumaliza maisha matano, hivyo seva itaanguka na kuinuka mchana kutwa bila kufikia kikomo. GRACE=0 ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inaondoa kikomo kabisa. Kwa mpangilio wa namna hiyo, wanaotetea N wana haki kabisa ya kulalamika.

Wanayo pia hoja ya hifadhidata. Kila seva katika kundi lenye OPENINFO (maelezo ya kuunganisha na hifadhidata) hufungua kikao chake. Seva 20 zikianguka na kuinuka kwa mfululizo, vikao vipya hufika kabla vya zamani havijaachiliwa, na hifadhidata inaweza kufika kikomo chake cha vikao kwa kosa ambalo si lake.

Hata hivyo, hoja yenye uzito zaidi iko kwenye foleni. BBL hukagua uhai wa seva kwa vipindi vya SCANUNIT mara SANITYSCAN, ambavyo visipowekwa hukaribia sekunde 120. BLOCKTIME (muda wa juu wa kusubiri jibu) ya awali ni kama sekunde 60. Maana yake, kama kila seva ina foleni yake, maombi yaliyokwisha kuingia kwenye foleni ya seva iliyokufa yanaweza kuisha muda kabla hata BBL haijajua kuna maiti. Seva nyingi zikichangia foleni moja, yaani zenye RQADDR (jina la foleni) ileile, zilizobaki hai huendelea kuchota kazi na mteja anaweza asihisi kitu. Lile ombi moja lililokuwa mkononi mwa seva iliyokufa ndilo hupotea, na kama lilikuwa ndani ya muamala, muamala hurudishwa nyuma.

Kwa hiyo kufufua na kuchangia foleni ni uamuzi mmoja. Mfano wa mstari ninaouona salama:

LIPASVR SRVGRP=MALIPO SRVID=100 MIN=4 MAX=10 RQADDR="lipa" REPLYQ=Y RESTART=Y MAXGEN=5 GRACE=86400 RCMD="/opt/app/bin/hifadhi.sh" CLOPT="-A"

REPLYQ=Y si pambo: seva zinazochangia foleni zikiita huduma nyingine, kila moja inahitaji mahali pake pa kupokea majibu. MAX=10 huhifadhi namba za seva (SRVID) 100 hadi 109, kwa hiyo seva inayofuata katika kundi hilo ianze 110 au, afadhali, 200. Nne (MIN=4) huwashwa mwanzoni. Nyingine huongezwa kwa tmboot -i wakati wa msongamano. Foleni ya pamoja nayo ina mipaka. Kwenye Linux kernel.msgmnb, ukubwa wa juu wa foleni moja, huwa baiti 16384 isipobadilishwa, na ujumbe mnene huijaza upesi. Ukiwa na seva nyingi au ujumbe mkubwa, gawa foleni mbili au tatu.

RCMD ndiyo jibu kwa hofu ya kuficha kasoro. Amri hiyo huendeshwa seva inapokufa vibaya, ikipewa kundi la seva na SRVID yake mwishoni. Ihamishe faili la core (nakala ya kumbukumbu ya seva ilipoanguka) na kunakili mistari ya mwisho ya ULOG, daftari la matukio la Tuxedo. Kumbuka inaenda sambamba na ufufuaji, haiusubirishi. Iwe fupi, na iandike kila tukio kwa jina lake, la sivyo anguko la pili litafuta ushahidi wa kwanza.

N ninaiacha kwa seva inayobeba hali kwenye kumbukumbu, mfano inayotoa namba za mfululizo bila kuzihifadhi popote. Ikizaliwa upya huanza kudanganya, na uongo huo ni ghali kuliko huduma kusimama.

Kwa seva za Y zimebaki njia mbili za kushangazwa. SVCTIMEOUT (kikomo cha muda wa huduma) ikiua huduma iliyochelewa, hutumia SIGKILL, ishara ya kuua papo hapo, na kifo hicho hula maisha ya MAXGEN kama kifo kingine chochote. Siku moja ya hifadhidata nzito inaweza kuyamaliza yote bila programu kuwa na kosa. Pili, tpsvrinit, sehemu ya programu inayoendeshwa seva inapoanza, ikirudisha -1, tuseme hifadhidata haipatikani wakati wa kuinuka, Tuxedo haijaribu tena hata kama maisha yamebaki. Weka kitanzi cha kujaribu upya chenye kikomo ndani ya tpsvrinit yenyewe, na baada ya kila tatizo la hifadhidata endesha psr (amri ya kuorodhesha seva) ndani ya tmadmin, zana ya usimamizi, uhesabu seva moja moja.