Hata Yuda alipewa mamlaka

Kwenye Luka 10 wahubiri wengi wanaishia mstari wa 19, ule wa kukanyaga nyoka na nge, hapo kinanda kishaingia, watu wameshasimama, basi wa 20 hausomwi tena. Na wa 20 ndo Yesu mwenyewe anaishusha ile shangwe. Wale wanafunzi sabini aliowatuma wamerudi wamechangamka balaa, Bwana hata pepo wanatutii, na yeye hawabishii, anawaambia ni kweli mamlaka nimewapa, ila "msifurahi kwa vile pepo wanavyowatii, bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni".

Hayo majina hawakuyaandika wao. Pepo akitoka angalau unaweza kusema nilifunga, nilikesha, nilikemea, yaani kuna kaupenyo ka kujipongeza. Jina kuandikwa mbinguni hakuna hako kaupenyo kabisa, na mimi naona ndo maana halituchangamshi.

Angalia tu kipindi cha ushuhuda. Mtu akishika maiki akasema nilimkemea jini akalia akatoka, kanisa zima linalipuka, simu zote juu zinarekodi. Anafuata mama mmoja, anasema mimi sina mengi, namshukuru Mungu kwa kuniokoa maana sikustahili. Amina mbili tatu za kinyonge, simu zinarudi mfukoni, na mwongoza ibada kashanyoosha mkono kuchukua maiki. Wakati kwa mujibu wa Yesu huyo mama ndo ametaja kile cha kufurahia!

Halafu kuna Yuda. Marko 6 inasema wale kumi na wawili walitoa pepo wengi, wakapaka wagonjwa mafuta wakapona, na Yuda Iskariote alikuwemo kwenye msafara. Hatusomi popote kwamba wenzake walimshtukia eti kwa sababu pepo walimgomea. Mpaka ile jioni ya mwisho Yesu anasema mmoja wenu atanisaliti, wanabaki kuangaliana tu, hawajui anamsema nani. Kwa hiyo kama unapima watu kwa upako, Yuda angekupita hivi hivi.

Siku iliyofuata kuna mhalifu ametundikwa pembeni ya Yesu, huyo hana huduma, hana sadaka, hajabatizwa, hana hata mkono wa kumwekea mgonjwa kichwani. Anachofanya ni kukiri kwamba adhabu yake ni haki yake, huyu wa katikati ndo hana kosa, halafu anaomba akumbukwe, basi. Akaahidiwa paradiso siku hiyo hiyo. Ukimlinganisha na wale wa Mathayo 7 wanaokuja siku ya hukumu na orodha yao ndefu, tulitoa unabii, tulitoa pepo, tulifanya miujiza mingi, na Yesu wala hawaambii mnadanganya, anawaambia sikuwajua kamwe... mimi huo mstari kwa kweli unanitisha kuliko mahubiri yoyote ya moto.

Najua kuna atakayesema ninapinga karama. Sipingi jamani, watu wanaumwa, watu wanateswa, waombewe na wapone. Hata Paulo aliwaambia Wakorintho wazitamani karama, lakini barua hiyo hiyo anawauliza "una nini usichokipokea?" na mpaka leo sijasikia mtu akilijibu hilo swali akiwa bado amevimba kichwa.

Na huyo Paulo sio kwamba alikuwa mnyonge wa nguvu akajifariji na unyenyekevu. Kule Efeso walikuwa wanachukua leso na nguo zilizogusa mwili wake wanawapelekea wagonjwa, na magonjwa yanaondoka, pepo wanatoka, Matendo 19 iko wazi. Mtu huyo huyo ndo anamwandikia Timotheo kwamba Kristo alikuja kuokoa wenye dhambi na wa kwanza wao ni mimi. Hebu mchukue mtumishi wa siku hizi ambaye leso zake zinaponya watu, halafu mwambie aandike hayo maneno kwenye bango la mkutano wake, chini ya picha yake.