Naomba Mpunguze Kupumua

Mama mkwe wangu nimemwomba mambo makubwa mawili tu tangu nimfahamu. La kwanza, anioze binti yake. Alikubali baada ya miezi sita ya kunichunguza. La pili, apunguze kupumua. Hilo hakulijibu. Alimgeukia mke wangu akamwuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama nimekuwa nikilala vizuri siku za karibuni.

Sikuwa nalala vizuri. Ngoja niseme yote, maana ukisikia nusu utadhani nina kichaa. Ukisikia yote utakuwa na hakika.

Nina tangi la maji ya bahari la lita 40, lipo kwenye kona ya sebule. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe hayafiki lita 32. Humo mna matumbawe kadhaa, konokono sita, kamba mmoja, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe. Yule mkubwa tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hafanyi kazi yoyote na hapendi kusogelewa. Wazoefu wa mambo haya watakwambia usianze na tangi dogo. Kosa ambalo kwenye lita 400 ni mafua tu, kwenye lita 40 ni msiba. Niliwasikiliza kwa makini, nikaenda nikanunua dogo.

Mwaka mzima tulikaa kwa amani. Nilikuwa napima chumvi, kalsiamu na alkaliniti, ile akiba ya kabonati inayoizuia pH, kipimo cha uasidi wa maji, isiyumbeyumbe; pH ikishuka, asidi imezidi. Mambo yalikuwa sawa, matumbawe yalikuwa yanakua. Kisha nikanunua kipima pH cha umeme, kile chenye kijiti kinachozama majini usiku na mchana na kioo kinachoonyesha namba gizani. Ugomvi na usingizi ulianza siku hiyo.

Bahari yenyewe ina pH ya karibu 8.1. Ya kwangu jioni ilikuwa 8.2, nikatabasamu. Alfajiri nikaamka kwenda msalani, nikapitia sebuleni, nikakuta 7.9. Nikakaa chini. Nilikuwa nimesoma kwamba kipimo hiki hakihesabu kama rula: kikishuka kwa 0.3 tu, ioni za haidrojeni, zile zinazoyafanya maji kuwa asidi, zimeongezeka mara mbili. Mara mbili! Wakati mimi nakoroma!

Sasa najua kwamba hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mchana taa ikiwaka, mwani mdogo sana unaoishi ndani ya matumbawe hula hewa ukaa, pH ikapanda. Usiku mla hewa ukaa analala, lakini kila kiumbe anaendelea kupumua, hewa ukaa inajaa majini na kugeuka asidi hafifu, pH ikashuka. Ni kujaa na kupwa, hakuna anayepiga yowe bahari ikipwa. Lakini wakati ule nilipiga. Nilianza kuamka saa nane, saa kumi, saa kumi na moja. Mke wangu akasema mtoto wetu alipokuwa mchanga sikuwahi kuamka hata mara moja. Nilimjibu kwamba mtoto hakuwa na kioo cha namba. Jibu hilo nimelijutia hadi leo.

Basi ikafika siku ya fainali ya mpira. Sebule yetu ndiyo yenye televisheni kubwa, kwa hiyo ukoo wote ulihamia kwetu. Nilihesabu watu 14, bila watoto waliokuwa wakipita chini ya meza. Kuna jambo moja la kuelewa hapa: televisheni ya jirani huwa imetangulia yetu kwa sekunde kadhaa. Goli likifungwa, yeye anashangilia wakati kwetu mpira bado uko katikati ya uwanja. Hakuna dhuluma kubwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo nikafunga madirisha yote, nikafunga mlango, nikawasha kiyoyozi ili maji yasipande joto zaidi ya nyuzi 26.

Mama mkwe alikaa dakika tano. “Mwanangu, si mfungue dirisha kidogo? Hewa nzito humu.”

“Mama, kiyoyozi kinafanya kazi. Subiri kidogo kitakolea.”

Kiyoyozi cha aina yetu hakileti hewa mpya. Kinaichukua ileile, kinaipooza, kinairudisha. Hilo nalo nilikuwa nalijua, ila siku hiyo lilikuwa limenitoka.

Mpira ulipoanza, kioo kilisema 8.1. Dakika ya 20, 7.95. Nikasogeza kiti changu karibu na tangi. Mapumziko, 7.8. Nikaongeza kasi ya pampu ya hewa, nikijisifu kwa kuwahi. Pampu ile, jamani, inavuta hewa ya sebuleni. Nilikuwa nachukua pumzi za shemeji zangu wote, nazikusanya, nazisukumia majini kwa nguvu zaidi.

Dakika ya 60: 7.68. Hapo akili ikanijia, lakini ilikuja nusu. Hewa ya nje ina hewa ukaa sehemu 420 hivi katika milioni. Chumba kilichofungwa chenye watu wengi hupita 1,000 upesi sana, na kinaweza kupita hata 2,000. Maji ya tangi hayana hiari, hufuata hewa iliyo juu yake. Kwa maneno mengine, ukoo ulikuwa unampumulia Mwenyekiti.

Mtu mwenye akili kamili angefungua dirisha. Mimi nilisimama mbele ya televisheni.

“Ndugu zangu, samahani. Naomba wale wasio na ulazima wa kutazama watoke nje kidogo. Na wanaobaki, naomba… naomba tupunguze kupumua.”

Kimya. Mtangazaji peke yake ndiye aliyeendelea.

“Tupumue mara ngapi kwa dakika?” akauliza shemeji yangu mkubwa, kwa adabu, kama mtu anayetaka kutii.

Hapo ndipo mama mkwe alipomgeukia mke wangu na kuuliza kuhusu usingizi wangu. Kisha akaongeza, “Na lile dirisha?” Nikamwambia, mama, jirani.

Nikaenda jikoni. Nilikuwa na kopo la chokaa, kalsiamu haidroksaidi, ile ambayo watu wa matumbawe hutumia kwa sababu huongeza kalsiamu na wakati huohuo humeza hewa ukaa. Maji yaliyoshiba chokaa hii yana pH ya zaidi ya 12, kwa hiyo yana masharti yake. Unakoroga, unaacha mashapo yatulie, unachukua maji maangavu ya juu tu, unayadondosha tone kwa tone, usiku kucha. Mimi nilichukua kijiko cha chai kilichojaa hadi kufanya kilima, nikakitia kwenye nusu lita ya maji, nikatikisa kama dawa ya kikohozi, nikamimina yote. Mashapo na vyote. Kwa pamoja.

Kwa sekunde kumi nilijiona daktari. 7.7. 8.0. 8.3. “Mnaona?” nikawaambia. 8.6. “Inatosha sasa,” nikaliambia tangi. 8.9. Namba ilipofika 9.1, maji yakaanza kugeuka meupe kuanzia juu, kama mtu amemwaga maziwa. Mwenyekiti akapotea. Kalsiamu na kabonati zikishikana hivyo huwa unga wa chokaa, na unga ule ulikuwa unadondoka polepole juu ya matumbawe yangu, mzuri ajabu, kama picha za nchi za baridi. Watoto wakapiga makofi.

Sasa nilihitaji kuishusha pH, na upesi. Nikiwa nimeshika kichwa, nikakumbuka somo la sayansi la shuleni: unapuliza kwa mrija kwenye maji ya chokaa, hewa ukaa ya pumzi yako inapambana nayo. Pumzi tunayotoa ina hewa ukaa ya asilimia 4 hivi, karibu mara 100 ya ile ya nje. Dawa yangu nilikuwa nimeifukuza barazani.

“Rudini!” nikapiga kelele. “Rudini ndani wote! Pumueni!”

Shemeji mkubwa akasema ni vizuri tuelewane, tunapumua au hatupumui. Nikachomoa mpira mwembamba kwenye pampu, nikampa ncha yake. “Puliza hapa, shemeji. Taratibu. Mimi naandaa maji ya kubadilishia.”

Alipuliza. Nitamshukuru hadi nazikwa. Mtu mzima, mwenye heshima zake, amepiga magoti mbele ya tangi jeupe, mashavu yamevimba, anatoa mapovu, shingo ameipinda ili jicho moja libaki kwenye mpira. 9.0. 8.9. Ilikuwa inashuka! Na katika pilikapilika ile mama mkwe akainuka, hakuomba ruhusa ya mtu, akaenda akafungua dirisha.

Jirani akapiga ukelele: “Gooooooli!”

Kwetu mpira bado ulikuwa kwa golikipa. Shemeji akashtuka, akageuka, na kama mtu yeyote aliyeshtuka, akavuta pumzi. Mpira wa pampu ulikuwa bado mdomoni. Alikunywa funda zima la chumvi na chokaa, akakohoa hadi goli likafungwa, likarudiwa na likachambuliwa. Hakuliona hata mara moja.

Tulibadilisha maji lita 10 usiku ule na lita 10 asubuhi. Nilipopima alkaliniti ilikuwa imeshuka badala ya kupanda, maana kabonati yangu yote ilikuwa imelala chini kama unga. Hita ilikuwa imevaa koti jeupe, nikaiosha kwa siki. Matumbawe yalijifunga siku nne kama watu waliotukanwa. Konokono mmoja hakurudi. Kamba alijivua gamba lake usiku uleule, mimi nikalikuta asubuhi nikadhani ni maiti, nikamlilia kidogo, kisha akatoka nyuma ya jiwe akiwa mzima.

Mama mkwe alilala kwetu. Saa kumi na mbili alfajiri nilimkuta amekaa mbele ya tangi na chai yake. Dirisha lilikuwa wazi tangu jana, wala hakuna aliyethubutu kuligusa. Kioo kilisema 8.1.

“Ngapi hiyo?” akauliza.

“Nane nukta moja, mama.”

“Nzuri au mbaya?”

“Nzuri sana.”

Akanywa chai. Mwenyekiti akapita mbele yake, akasimama, wakatazamana.

“Na huyu naye,” akasema, “alikuwa amewaambia hewa nzito?”